Hema Lenye Shomvi na Tumu

Sogeeni, nyie mnaopenda kuwaamulia wenzenu. Palikuwa na wanawake watatu na kompyuta moja, katika kambi ya waliokimbia mafuriko.

Pendaeli alijua kupanga. Katika ukurasa wa kompyuta wenye kambi zote za bondeni, kila hema alilipa kisanduku chake, na waliolala humo akawaweka ndani yake.

Bi Tabu alijua kuuliza. Alipita hema kwa hema, wala hakuridhika na majina ya vitambulisho. "Na nyumbani huyu mnamwitaje?" Akayaingiza yote.

Zamda alijua rangi. Kazi yake ilikuwa sura ya ukurasa, na wenzake wakimtania kwa kumwita "mpaka-poda".

Asubuhi moja akaletwa Siwatu, mtoto wa miaka mitano, peke yake. Adhuhuri gari lingempeleka kituo cha watoto, mkoa mwingine.

"Mama yako anaitwa nani?" Zamda alimuuliza.

"Mama Shomvi."

"Jina lake mwenyewe?"

Mtoto alimtazama kama anayemtazama mtu asiyesikia vizuri. "Mama Shomvi. Shomvi kaka yangu. Na Tumu mdogo wangu."

Akina Shomvi walijaa kila kambi. Akina Tumu vilevile.

"Kimsingi, mfumo haukusanifiwa kwa matumizi hayo," alisema Pendaeli.

"Dada, sema hujui, tuendelee," alisema Zamda.

Katika ukurasa, siku zote rangi ilishuka: ukilipaka hema, waliomo hurithi. Mtoto, yaani aliye ndani, hakuwahi kumpaka mzazi, yaani hema lake. Lakini Zamda alikuwa amesoma kwamba siku hizi inawezekana. Akaandika mstari mmoja: hema lolote lenye Shomvi ndani yake, na Tumu pia ndani yake, liwe kijani.

Akashusha ukurasa. Meupe. Meupe. Mahema ya bonde zima, meupe. Kisha, karibu na mwisho, kisanduku kimoja cha kijani.

Bi Tabu alivua miwani.

Mama wa hema lile akaitwa, akafika kabla gari halijaondoka, na kichanga mgongoni. Alikuwa ameambiwa Siwatu kachukuliwa na maji. Alimpapasa masikio, pua, vidole, kama anayemuumba upya.

"Huyu wa mgongoni nimemzaa kambini, hana jina," alisema hatimaye. "Nitampa la aliyenirudishia dada yake. Ni nani?"

"Bila visanduku vyangu, hakuna ndani wala nje," alisema Pendaeli.

"Bila maswali yangu, Shomvi asingekuwemo," alisema Bi Tabu.

Zamda alifungua mdomo aseme mstari ni wake. Akamwona Siwatu ameshika kidole cha kichanga. Akaufunga.

Mama bado anasubiri. Je, mngempa mtoto jina la nani? Na msiniambie la wote watatu. Hebu jaribuni kumwita hivyo aje kula.