Jogoo Mmoja, Nyaya Mbili

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, kompyuta zilikuwa zimeshafika kijijini Kwemkole, adabu ya kuzitumia ndiyo ilikuwa bado iko njiani. Kaeni vizuri. Mwenye simu aizime, maana kisa hiki kilianzishwa na simu.

Palikuwa na mwanamke, Mwanahamvua, mfuga kuku. Kuku wake walikuwa wa kuchi, wale warefu wenye shingo kama askari wa gwaride. Ukaja mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukafagia banda zima. Akabaki jogoo, na yakabaki mayai kwenye kapu. Kuku wale alirithi kwa mama yake, na mama yake alirithi kwa mama yake. Mayai yale yakiharibika, uzao wote umekwisha.

Akayapeleka kwenye mashine ya kutotolesha ya kikundi cha kina mama. Kwenye chumba chake kulikuwa na masanduku mawili. Sanduku la mayai, joto lake kali, la kuangulia. Sanduku la vifaranga, joto lake la wastani, la kulelea. Vitufe vya masanduku hayo vilishakufa zamani, kwa kubonyezwa na kila aliyeingia kushangaa. Kwa hiyo amri za joto zilitoka kwenye kompyuta zikapita kwenye nyaya za USB, kila sanduku na waya wake. Kompyuta ilikuwa kuukuu, inaendeshwa na Linux, ule mfumo unaogawiwa bure, na anayetaka anaruhusiwa kuufungua matumbo aone ulivyo. Mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na watu.

Sikilizeni tabia ya kompyuta hiyo. Sanduku ambalo waya wake umechomekwa kwanza, inaliita sifuri. Linalofuata, inaliita moja. Haiulizi wewe ni sanduku gani. Ni kama mwalimu mvivu anayewaita watoto kwa jinsi walivyoingia darasani, aliyetangulia leo ni Juma, na kesho akitangulia mwingine, huyo ndiye Juma.

Mbelwa, kijana wa chuo aliyeifunga, akaiambia kompyuta: sifuri ni mayai, moja ni vifaranga. Akaondoka. Alimwonya nani kwamba nyaya zisibadilishwe? Hakumwonya mtu. Hata kipande cha plasta chenye alama hakubandika. Kusoma kote kule, plasta ikamshinda.

Akaja Mwajabu, katibu wa kikundi. Simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Akachomoa nyaya zote mbili, mmoja apate tundu, mwingine kwa sababu ulimkera. Akachaji, akaongea, akacheka na hao aliokuwa anacheka nao. Kisha akazirudisha nyaya kama mtu anayetupia vijiko kabatini.

Tangu hapo amri ya vifaranga ikaenda kwa mayai, na amri ya mayai ikaenda kwa vifaranga. Mayai yakapoa. Vifaranga wakakaa midomo wazi wanatweta.

Mwanahamvua alikuja kuyaangalia mayai yake kama alivyofundishwa nyumbani kwao: unafumba jicho, unaligusisha yai juu yake. Mkono umezoea sufuria, jicho halijazoea kitu. Yai lilikuwa la baridi. Hakulia. Aliyakusanya yote, akayafunga na khanga tumboni, ngozi kwa ganda, akaenda kukaa jikoni kando ya jiko la mkaa. Akasema mbele ya kina mama wote:

"Atakayeniokolea mayai haya namkabidhi jogoo wangu. Sina kingine."

Mwajabu akapaparika. Akazing'oa nyaya kwa pupa, mmoja ukavunjika kichwa. Akazima kompyuta, akaiwasha, akaurudisha ule mzima, akachomeka waya wa simu yake mahali pa ule uliovunjika. Taa ya sanduku ikawaka. Joto, hakuna.

Akaitwa Shemdoe, fundi redio wa sokoni. Shemdoe alikuwa kwenye drafti.

"Mwambieni nakuja, nimebakiza kingi."

Akacheza. Akafungwa. Akadai marudiano. Mtu kakaa na mayai tumboni, yeye anadai marudiano.

Alipofika aliutazama ule waya, akacheka. "Katibu, huu waya wa kulisha tu. Umeme unapita, maneno hayapiti. Ndiyo maana taa inawaka na sanduku ni bubu."

"Kaka, umekuja kutengeneza au kunicheka?"

"Vyote viwili, bei moja."

Akatoa mkobani waya wa kupitisha maneno, akauchomeka. Kompyuta ikaliona sanduku. Ikaliona, ikakataa kuongea nalo. Kiooni ikaandika kwamba ruhusa imekataliwa.

Siku zote, mpaka Mwajabu alipoizima, mashine ilikuwa ikijiendesha kwa jina la Mbelwa, na Mbelwa aliondoka na nywila yake kichwani. Jina la kikundi halikuwa na ruhusa. Kompyuta ile nayo ina vikundi vyake, kama sisi. Wanaoruhusiwa kuongea na nyaya wako kwenye kikundi kinachoitwa dialout, na asiye mwanachama atabisha hodi mpaka ajichokee. Lakini nywila kuu alikuwa nayo Mwajabu, peke yake kijiji kizima. Akaliandikisha jina la kina mama humo. Ikakataa tena. Akakumbuka kwamba mwanachama mpya hatambuliwi mpaka atoke na kuingia upya. Akatoka, akaingia. Ikakubali.

Wakapiga vigelegele. Wakaongeza joto. Joto likapanda kwelikweli, kwenye sanduku la vifaranga. Baadhi wakafa pale pale, watu bado wanashangilia.

Ndipo Mbelwa, aliyekuwa amepigiwa simu, akashuka kwenye bodaboda.

"Nani alichomoa nyaya?"

Kina mama wakamgeukia katibu.

"Nauliza, mama zangu, nani alichomoa?"

"Na wewe," Mwajabu akamjibu, "nani alikutuma masanduku uyape majina ya foleni?"

Mbelwa akainamisha kichwa, akafanya kazi. Kila sanduku lina namba yake ya kuzaliwa, imefichwa ndani tangu kiwandani. Akazisoma, akaiandikia kompyuta sheria: mwenye namba hii aitwe mayai, mwenye namba hii aitwe vifaranga, atangulie au achelewe. Akachomoa nyaya, akazigeuza makusudi, akazichomeka. Majina hayakuhama. Joto likaenda linakotakiwa.

Mwanahamvua akafungua khanga, akayarudisha mayai moja moja. Tumbo lake lilikuwa na alama nyekundu za maganda. Nani alimpa pole? Walikuwa wanapongezana.

Mayai yakaanguliwa. Si yote, ila kuku wa kuchi wamerudi Kwemkole. Vifaranga hawajakauka manyoya, wale watatu wamekwisha kufika mlangoni kwake.

Shemdoe akasema, "Jogoo ni wangu. Bila waya wangu sanduku lilikuwa bubu. Ruhusa ya kuongea na bubu ni ya nini?"

Mwajabu akasema, "Jogoo ni wangu. Waya wako uliona mlango, mimi ndiye niliyefungua. Ungekaa hapo na waya wako mpaka uote kutu."

Mbelwa akasema, "Jogoo ni wangu. Nyinyi mmefungua mlango mkapeleka moto kwa vifaranga. Mimi ndiye niliyeipa kompyuta akili ya kujua nani ni nani."

"Akili uliyosahau kuipa mara ya kwanza," akasema Shemdoe.

"Nyamaza, mfungwa wa drafti," Mwajabu akamkatiza.

"Na mchomoaji je?" Shemdoe akamrudishia.

Ndivyo walivyosimama uani kwa mtu. Mwenyekiti wa kikundi, Bi Sanura, akaja na hukumu yake: jogoo achinjwe, upikwe wali, wote wale, mambo yaishe. Na wapo waliompigia makofi. Jogoo aliyebaki peke yake baada ya mdondo, wanamtafutia sufuria.

Mwanahamvua akatoka ndani amempakata jogoo. Alikuwa amemfunga mguu kwa ule waya wa simu, waya wa kulisha usiosema.

"Niliahidi, na ahadi siirudishi," akasema. "Lakini mayai yalipokuwa baridi, nyinyi watatu mlikuwa wapi? Mmoja alikuwa kwenye drafti, mmoja ndiye aliyeyapoza, mmoja alikwenda zake asiache hata alama. Yalikuwa hapa." Akajigusa tumbo. "Haya. Nimkabidhi nani?"

Akauweka mwisho wa waya chini, katikati yao, akasubiri.

Msiniambie wagawane, jogoo aliyegawanywa ni mchuzi. Msiniambie wote walikosea, hilo nimeshawaambia mimi. Mwenye waya, mwenye nywila, mwenye majina, au mwenye tumbo: je, nani alistahili kuokota ule waya?