Kwa Nini Nyumba za Ndolwa Zina Mlango wa Nyuma Usio na Komeo

Hapo kale, kabla barabara haijapanda mlima huu, kila nyumba ya Ndolwa ilikuwa na mlango mmoja tu. Mlango huo ulitazama bonde, na wote, mwenyeji na mgeni, mbuzi na maiti, walipita hapo hapo. Hakuna aliyeona kasoro. Leo mkizunguka kijiji chetu mtaona kwamba kila nyumba, iwe ya udongo au ya matofali, ina mlango wa pili upande wa nyuma, mdogo, usio na komeo wala kitasa. Mmeniuliza sababu. Sababu ilianzia katika nyumba hii mlimoketi, nami nitaieleza kama nilivyoipokea kwa mwenye nyumba aliyenitangulia.

Aliyeijenga aliitwa Mwalugha. Alikuwa fundi wa nyumba, mtu wa maneno machache, aliyepima kila kitu mara mbili kwa kamba. Yeye alisimamisha nguzo na kusuka fito. Mkewe, Mkawasi, akakandika kuta kwa mikono yake. Hawakujaliwa mtoto. Wenye mzaha walisema ndiyo maana nyumba yao haikuwa na ufa hata mmoja. Waliishi humo miaka ishirini na minne, mpaka msimu mmoja wa ukungu Mkawasi aliposhikwa na homa, akafa siku ya nne.

Wakati huo palikuwa na mwiko. Watu waliamini kwamba kifo nacho hupiga hodi kabla ya kuingia, ila husikiwa na mmoja tu. Kwa hiyo, baada ya maziko, ili mfiwa asidhani kifo kimerudi, hodi haikupigwa kwenye mlango wa mfiwa mpaka aufungue mwenyewe. Kwa kawaida mfiwa alifungua siku ya tatu, watu wakaingia na vyakula. Ilikuwa heshima, na watu wa Ndolwa walijivunia heshima yao.

Mwalugha hakufungua siku ya tatu, wala ya nne. Alikuwa ndani akingoja. Aliona si adabu kufungua ilhali hakuna aliyekuja. Angeonekana anaomba chakula. Nje, majirani nao waliona si adabu kuja ilhali hajafungua. Basi upande huu wa ubao palikuwa na heshima, na upande ule heshima, na mtu alikuwa anakufa njaa.

Siku ya tano moshi haukutoka tena kwenye nyasi za paa. Wazee wakakusanyika uani. Mzee Mwadime, mkuu wa ukoo, alisema hakuna la kufanya ila kungoja. Wawuda, jirani wa upande wa juu, mjane aliyekuwa rafiki wa marehemu, aliuliza wangoje mpaka lini, kwa maana aliye ndani hali wala hapiki. Mwadime akajibu kwamba mwiko ni mwiko: mlango ule haubishwi, hausukumwi, wala mtu haitwi akiwa nyuma yake.

"Mlango nimeusikia, mzee," Wawuda akasema. "Na ukuta?"

Mwadime alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, akakiri kwamba katika maneno aliyoachiwa na baba zake hakumbuki lolote kuhusu ukuta.

"Basi kaeni hapo na heshima yenu. Mimi nakwenda kuchukua jembe."

Alizunguka nyuma ya nyumba, akaanza kuchimbua udongo uliokandikwa na rafiki yake. Ulikuwa mgumu. Alikata fito nne, akapenya kwa magoti, kitambaa cha kichwa kikabaki kimenasa ukutani. Mwalugha alikuwa ameegemea nguzo ya kati, midomo imemkauka, anamtazama. Wawuda alikuja na neno la pole tayari mdomoni. Alipomwona alivyo, akajua pole ingemlaza kabisa. Akalimeza.

"Shemeji," akasema, "Mkawasi alikuwa na ungo wangu. Nimeufuata."

Mwalugha aligeuza macho kwenye tundu la ukuta. Kisha akasema, "Umebomoa nyumba yangu."

"Nimeibomoa. Ungo uko wapi?"

"Sijui. Vyombo vilikuwa vyake."

"Basi inuka uutafute. Mimi si mtu wa kupekua nyumba za watu."

Hilo lilimuudhi Mwalugha kiasi cha kumsimamisha. Alitafuta darini, chini ya kitanda, nyuma ya mitungi. Alishika vyombo vya mkewe kimoja kimoja, na kila kimoja kilimchukua muda kukirudisha. Wawuda hakumharakisha. Alikoka moto, akapika uji, akamnywesha kati ya kona moja na nyingine. Ungo haukuonekana, kwa sababu haukuwamo; ulikuwa umetundikwa kwake siku zote. Wawuda alipokiri hivyo, Mwalugha alikuwa kwenye kibuyu cha pili cha uji. Watu husimulia kwamba alicheka. Nadhani ni sahihi zaidi kusema alitabasamu.

Kesho yake alitoka na kamba yake, wakadhani anakwenda kuziba tundu. Alilipima mara mbili, akalinyoosha pembe, akalitia fremu na ubao. Mwadime akamuuliza komeo atalikaza upande gani.

"Huu hautakuwa na komeo," Mwalugha akajibu. "Mlango wenye komeo ninao tayari."

Mwadime hakumuunga mkono mbele za watu. Lakini kabla ya mavuno, mkewe mwenyewe alipoanza kuugua, mzee alionekana nyuma ya nyumba yake akikata ukuta taratibu, asije Wawuda akamtangulia na jembe. Baada ya mkuu wa ukoo kufanya hivyo, wengine hawakuhitaji kushawishiwa.

Nyumba hii imepita mikono mitano. Mpwa wa Mwalugha aliirithi, akaondoa nyasi na kuezeka mabati. Wa tatu aliangusha udongo akajenga kwa mawe. Wa nne alitia saruji sakafuni. Hakuna kijiti hata kimoja kilichobaki cha Mwalugha. Kilichobaki ni nafasi ya mlango ule, mahali pale pale, kwa kipimo kile kile. Wa tano ni mimi.

Na tangu siku hiyo, hapa Ndolwa, mfiwa akijifungia, jirani huingia kwa nyuma bila hodi. Wala haji na pole. Huja kuazima kitu, na mfiwa sharti ainuke akitafute mwenyewe. Jumanne jirani yangu aliingia kuazima kichujio cha chai. Nilitafuta kwenye rafu zote tatu na droo mbili. Nilikikuta ndani ya kopo la biskuti, mahali ambapo mke wangu alikuwa na sababu zake za kukiweka. Nilimkabidhi, naye akakitumia papo hapo, kwa vikombe viwili.