Asali Katika Vichupa vya Buluu

Inasimuliwa, na Mjuzi wa yote ni Mwenyezi Mungu, kwamba zama za Warumi alikuwako mjakazi katika mji wa Saida, jina lake Salmat, mcha Mungu Mmoja ndani ya nyumba ya waabudu masanamu. Alikuwa na binti wa miezi minane, Amata, na hofu yake ilikuwa moja tu: mtoto huyo asiuzwe. Kwani Bibi Fulvia, mwenye nyumba, alikwisha kumwuza mtoto wa mpishi kwa sababu mama yake aliunguza nyama. Nyama tu!

Kazi ya Salmat ilikuwa vyombo vya kioo, na nyumba ile ilijaa kioo: vichupa vya wanja, vya mafuta mazuri, mabakuli ya zeituni, bilauri, mabirika. Naye alitoka kijiji cha wafinyanzi. Kwao chungu hujulikana kwa kunuswa. Cha samaki kitanuka samaki hata ukikisugua mwaka mzima. Basi asubuhi moja akakuta vichupa vitatu vya buluu, akavinusa, havina harufu, akasema ni safi hivi, akavitia asali ya mwana wa bibi aliyekuwa akiachishwa ziwa. Hakujua kwamba kioo hakishiki harufu.

Viwili vilikwisha pelekwa kwa bibi alipoingia Gayo, msimamizi wa nyumba.

"Mama Amata, kichupa changu cha buluu kiko wapi? Nilikorogea humo sumu ya panya."

Gayo akatazama asali vidoleni mwa Salmat, akaelewa, akamshika mkono kwa nguvu.

"Nyamaza! Watoto hufa kwa homa kila siku. Ukisema, mimi nitakula mijeledi, na Amata wako utamwona juu ya ngamia wa wauza watumwa."

Amata alikuwa mgongoni, amelala, pumzi yake ya moto shingoni mwa mama. Salmat akasema, "Ya Rabi, huyu ni wangu, na yule je, si wa mtu?" Akakimbia. Akapanda ngazi akilia, akaingia bila kubisha, akamkuta yaya ameinua kijiko, akakipiga kikaruka.

"Una wazimu wewe?" bibi akapiga kelele.

"Bibi, asali ina sumu, na aliyeitia chupani ni mimi. Sikuosha. Nilinusa tu."

Wakaimwaga kwenye sinia. Nzi wakatua, wakafa palepale. Bibi akamkumbata mwanawe, akanyoosha kidole mlangoni kumtoa Salmat.

Siku tatu Salmat alingoja. Kila kengele ya ngamia ikipita njiani alimbana Amata kifuani mpaka mtoto analia. Hakutoroka, hakumlaani Gayo. Alisema tu, "Hasbiyallah," yaani Mungu ananitosha, au kwa lugha yao neno la maana hiyo.

Siku ya nne akaitwa. Akaenda na mtoto.

Bibi Fulvia alikuwa na macho mekundu. "Wengine wote humu huninyamazia," akasema. "Tangu leo mwanangu asile kitu kisichotoka mkononi mwako. Na huyo wako mlaze hapa, karibu na wangu."

Enyi mama wenzangu, Salmat alisema kweli si kwa kuwa hakuogopa. Aliogopa mpaka mwisho, na akasema. Mola atujaalie ulimi kama ule, siku ambayo kunyamaza kutaonekana ndiko kumpenda mtoto.