Jina Kinuni

Mtu mmoja alikuwa na karakana ya karatasi huko Rungwe, kwenye nchi ya migomba. Jina lake Ambakisye. Mkungu ukishakatwa, wanawake walimletea mashina yaliyoachwa shambani. Waliyachana, wakayachemsha na magadi ndani ya pipa, wakayatwanga kinuni hadi yakawa uji, kisha wakautandaza uji huo juu ya wavu, juani, ukakauka kuwa karatasi. Karatasi zikashonwa madaftari kwa uzi wa katani. Wageni waliyapenda mno. Waliyapapasa, wakayanusa, wakasema yana roho.

Kati ya wanawake hao walikuwapo Tusekile na binti yake, Atuganile. Siku moja mafiga yalilegea, pipa likapinduka, maji ya magadi yakammwagikia binti. Hakupona. Ambakisye alileta sanda na mchele, akasimama kaburini, akalia. Kesho yake pipa lilikuwa linachemka juu ya mafiga yale yale, yaliyolegea vile vile.

Tusekile alikuwa akisoma darasa la watu wazima. Alipoweza kuandika, alichukua daftari aliloshona mwenyewe, na kwenye ukurasa wa kwanza akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: ATUGANILE ALIFANYA KAZI HAPA. Akaliweka pamoja na mengine.

Ambakisye aliliona. Akamwita mbele ya wenzake.

"Mama, haya ni ya wageni. Umenichafulia." Akauchana ukurasa.

Tusekile akamtazama usoni. "Mwanangu aliungulia hapa, hukuona uchafu. Jina lake ndilo uchafu?"

Pale karakanani karatasi iliyoharibika haikutupwa, ilitwangwa upya. Basi Ambakisye aliutia ukurasa ule kinuni, akasema kazi iendelee. Tusekile akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, akaikung'uta, akatoka. Hakuna aliyemfuata.

Kwenye kinu kile alikuwa amesimama Subilaga, mdogo wa Tusekile wa tumbo moja. Ndiye aliyeuosha mwili wa Atuganile kabla ya kuvishwa sanda. Aliinua mchi, akatwanga. Alitwanga mpaka herufi zikapotea. Na wenzake wakaanzisha wimbo, kama ilivyo desturi ya kutwanga, ili mlio ule usisikike peke yake.

Ndugu zangu, nawaona mnavyotikisa vichwa. Msiharakishe kumlaani Ambakisye. Wenye mapipa ya namna ile tunawafahamu, na hukumu yao haijalala. Lakini Ambakisye hakuugusa mchi. Basi niambieni, ninyi mnaoimba vizuri hivi kila Jumapili: ni nani aliyelisaga jina la mtoto yule?