Kuku Aliyepanga Kwenye Besi

Mshika rehani naye ana kuku.

Mmemsikia shangazi akimwambia hivyo yule jirani aliyeng'ang'ania baiskeli ya mwenzake, mkacheka, na sasa mnataka kujua kuku wameingiaje kwenye mambo ya rehani. Waliingia kwa miguu yao wenyewe, wadogo zangu. Sogeeni. Na wewe mwenye muwa, tafuna polepole, tusije tukashindana kusikika. Chanzo chake ni hiki.

Huko Marangu aliishi mjane mmoja, Mama Aikasia. Wanawe walikuwa Dar es Salaam na Mwanza, na kama mnavyowajua Wachaga, walimjengea mama yao nyumba kubwa ambayo hujaa Krismasi tu. Mwaka mzima uliobaki, wanaolala humo ni popo. Mama mwenyewe aliishi nyuma, kwenye nyumba ndogo ya zamani, karibu na migomba yake na kuku wake. Akachoka kufagia vyumba visivyo na watu. Aikasia, binti yake, akaipiga nyumba picha, akaiweka mtandaoni, na wageni wakaanza kuja: wa siku mbili, wa wiki, wa harusi, wa msiba.

Kuingia walikuwa wazuri. Shida ilikuwa kutoka. Ukiuliza kioo kimepasuliwa na nani, "tulikuta hivyo." Kiti kimekatika mguu, "tulikuta hivyo." Mgeni mmoja aliunguza pazia, na moshi ukiwa bado unatoka akaapa kwamba amelikuta hivyo. Mwanzoni Mama Aikasia alishika amana ya fedha, lakini kila safari ikawa ni kubishana kioo bei gani.

"Fedha mtu huisamehe," akasema. "Mimi nitashika kitu ambacho mwenyewe hawezi kuondoka bila hicho."

Tangu hapo ikawa rehani. Bwana harusi mmoja aliacha kiatu cha kushoto. Mwinjilisti mmoja aliacha miwani, akahubiri juma zima kwa kukisia. Na kweli, watu wakaanza kutembea ndani ya nyumba ile kwa adabu, kama wagonjwa waliotoka kupasuliwa.

Basi wakaja wapiga matarumbeta kutoka Usangi, Upareni, watani wa Wachaga. Kiongozi wao alikuwa Mzee Senkondo, mtu wa maneno machache lakini yote ya kesi. Walialikwa kuwafundisha vijana wa usharika kupiga, kisha Jumamosi ya mwisho wapige kwenye harusi. Bibi harusi alikuwa Nakijwa, dada yake Kadeghe, na Kadeghe ndiye aliyepiga besi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu mwilini kama chatu. Besi ile ilikuwa ya marehemu baba yao. Kadeghe alikuwa amemwahidi dada yake kwamba ataingia kanisani kwa sauti ya baba.

Mama Aikasia akawatazama wageni wake, akatazama mizigo, kisha akanyoosha kidole kwenye besi. "Naomba hiyo."

"Mama, nitafundishaje bila besi?" Kadeghe akauliza.

"Mdomo unao."

Ndivyo Kadeghe alivyofundisha kwa mdomo, pu-pu-pu, kwa karibu wiki mbili, mpaka mashavu yakamuuma. Mama Aikasia naye hakuwa mzembe. Aliiweka besi stoo, mdomo mpana juu, akaujaza majani makavu ya migomba ili vumbi lisiingie. Kila alipoulizwa, alijibu, "Kwangu rehani hukaa vizuri kuliko kwa mwenyewe." Kwa hiyo hakuona haja ya kwenda kuitazama.

Jumamosi asubuhi wageni wakafunga mizigo. Nakijwa alikuwa sebuleni, shela tayari kichwani, na gari la maua linanguruma nje. Mama Aikasia akavaa miwani kukagua nyumba. Vyumba salama, vioo salama. Kwenye meza ya mninga akainua kitambaa, akakuta duara jeupe, kubwa, la mviringo kabisa.

"Hili nini?"

"Tulikuta hivyo," akasema Mzee Senkondo.

"Mlikuta? Hilo ni tako la sufuria, mzee. Na linanuka makande. Hapa Marangu nani, zaidi yenu Wapare, anapika makande asubuhi, mchana na jioni?"

"Mtani, makande hayaandiki jina."

"Besi haitoki mpaka fundi aje apige meza vanishi."

"Fundi atakuja lini?"

"Jumatatu."

Mzee Senkondo akaketi, akakunja nne. "Umepata watu wako. Sisi kesi hatuikimbii. Mpare huuza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Kwa meza tutauza zizi zima."

Nakijwa alikunja kona ya shela vidoleni, akamtazama kaka yake. Kadeghe akamsogelea Mama Aikasia, akaongea taratibu.

"Mama, shikamoo tena. Kama haitoki, naomba niione tu. Ni sauti ya baba."

Moyo wa mama ukalegea kidogo, na kiburi kikapanda kidogo. "Njooni wote mwone rehani inavyotunzwa," akasema, akatangulia na ufunguo.

Akafungua mlango wa stoo. Dirisha dogo la nyuma lilikuwa wazi. Besi ilikuwa palepale, imesimama kwa heshima zake zote. Halafu kutoka kwenye mdomo wake kikainuka kichwa chekundu, kikageuka kulia, kikageuka kushoto, kikawatazama kama mtu aliyegongewa mlango bila hodi.

Alikuwa Kishingo, kuku wa Mama Aikasia, yule asiye na manyoya shingoni. Ameatamia.

"Mama," Kadeghe akasema, "huyu naye mgeni wa mtandaoni?"

"Huyu... ni wa hapa."

"Amepanga kwa siku au kwa mwezi?"

Mzee Senkondo akasogea, akachungulia. Mayai kadhaa yalikuwa juu ya majani, moja limepasuka na kuchuruzika ndani ya bomba, na kinyesi kimekaukia kwenye shaba tangu mdomoni mpaka kwenye vitufe.

"Alipoingia alikuachia rehani gani?" mzee akauliza.

"Mimi..." Mama Aikasia akasogeza miwani puani. "Mimi nadhani mliileta hivyo."

Maneno yalipomtoka, akayasikia mwenyewe. Akajaribu kukaza uso, ukamshinda. Bega likaanza kutikisika, kicheko kikamtoka puani, akashika nguzo ya mlango ili asianguke. Nakijwa akaangua kicheko mpaka shela ikamteleza.

Mzee Senkondo naye akavua kofia. "Miaka yote tunatafuta kesi ya kuku, na leo kuku mwenyewe ameileta. Basi, mtani. Sufuria lilikuwa letu. Mimi ndiye niliyelitua."

"Na kuku ni wangu," akasema Mama Aikasia. "Nilimtandikia mwenyewe."

Akabeba majani pamoja na mayai yake, akayahamishia kwenye tenga. Kishingo akashuka nyuma yake akilalamika kama mpangaji aliyetolewa kabla ya muda kuisha. Kisha mama akaleta birika la maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, akapiga magoti na nguo zake za harusi, akaiosha besi kwa mikono yake, huku Mzee Senkondo sebuleni akiisugua meza ya mama kwa mafuta na jasho. Duara lilififia, halikuisha.

Wakatoka mbio. Njiani besi ilikuwa na kikohozi. Walipofika lango la kanisa, Nakijwa akamshika kaka yake bega, Kadeghe akavuta pumzi mpaka vifungo vya shati vikalalamika, akapuliza. Ikatoka sauti nene iliyotetemesha mbavu za watu, na pamoja nayo manyoya ya kuku, mengi, meupe na ya kahawia, yakapaa juu na kumwangukia bibi harusi kichwani taratibu. Watu wakadhani ndio mtindo mpya wa Upareni. Vigelegele vikalipuka, na wa kwanza kucheza alikuwa Mama Aikasia, miwani ikirukaruka kifuani kwenye mkufu wake.

Jioni, zamu ya kaka kutoa neno ilipofika, Kadeghe alisimama mbele ya wakwe, akamtazama mama yule, akasema sentensi moja tu na kuketi. Ukumbi mzima ukaichukua, ikashuka mlima, ikavuka Same, na leo imefika hapa kwetu.

Mama Aikasia bado anapangisha, na rehani bado anashika, wala msidhani aliacha. Ila ukimkabidhi kitu chako, naye anakukabidhi ufunguo wa banda lake la kuku, ukae nao mpaka siku ya kuondoka. Asubuhi anakuja kukupigia hodi, mwenye nyumba mzima, akuombe umfungulie kuku wake. Na ukimuuliza kwa nini anajitesa hivyo, anacheka, anakwambia: mwanangu, mshika rehani naye ana kuku.