Mshika Lango la Bwawa

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kijiji, kijiji kikawa na bwawa, bwawa likawa na lango moja. Hapo zamani za kale, huko Bara Hindi, watu walikuwa wakilima mpunga.

Lango likifunguliwa, maji hutiririka, chururu, chururu, shamba hadi shamba. La kwanza lilikuwa la Karuppan. La mwisho lilikuwa la mjane Ponnamma.

Karuppan ndiye aliyeshika lango, maana ndiye aliyekaa karibu. Mwaka huo mvua ilikuwa chache. Shamba la Karuppan lilijaa, chururu. Kwa Ponnamma yalifika matone, to, to, to. Karuppan akafunga.

Miche ya Ponnamma ikawa ya njano. Mbegu nyingine hakuwa nayo. Akaenda langoni.

"Kaka Karuppan, miche yangu inakufa."

"Dada, maji hayana miguu. Yakichoka njiani, mimi nifanyeje?"

"Mbona kwako hayachoki?"

Karuppan akacheka. Lango halikufunguliwa.

Ponnamma akaenda kwa Babu Velan, mzee wa kijiji. Mzee alimsikiliza huku akitafuna tambuu. Akasema, "Kesho kuna karamu ya hekalu, na mpakuaji ni mimi. Njoo ule."

Kesho yake watu wakaketi safu moja, kila mtu na jani lake la mgomba. Babu akamketisha Karuppan mwisho. Kisha akajipakulia yeye kwanza, jani likafurika. Akala, watu wakimtazama. Halafu akapita na sufuria, paku, paku, paku. Kufika kwa Karuppan, upawa ukakwaruza sufuria tupu, kwaru, kwaru.

"Babu, na mimi?"

"Wali hauna miguu, mjukuu wangu. Umechoka njiani."

Watu wakaangua kicheko.

"Lakini mpakuaji hula mwisho," Karuppan akasema. "Hata mtoto anajua."

"Hata mtoto," babu akakubali. "Na maji yetu, anayapakua nani?"

Kicheko kikakatika. Karuppan akalitazama jani lake tupu. Ponnamma akasogea, akammegea nusu ya wali wake.

"Kula, kaka."

Karuppan akala. Alipomaliza, akasema, "Dada, kesho lango lifungue wewe. Shamba lako ndilo la mwisho."

Ponnamma akafungua. Chururu, chururu. Ili maji yafike kwake, ilibidi yapite kwa wote. Miche ikainua vichwa.

Babu Velan alikufa zamani. Lakini kijijini kwake, lango bado hushikwa na mwenye shamba la mwisho.

Basi, ukipewa upawa, jipakulie mwisho. Hadithi yangu imefika shamba la mwisho. Nami nafunga lango.