Semeni na Ukoo wa Wachutamaji

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye njaa. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Wewe mama mwenye kunde, chambua huku unasikiliza. Hapo zamani za kale, kale ile ambayo mbwa walikuwa wakipeleka posa na kanga wakifua nguo, palikuwa na ukoo wa mbwa wawindaji katika Bonde la Mtama. Ukoo huo uliitwa Wachutamaji.

Kwa nini Wachutamaji? Kwa sababu ya babu yao, Mshale. Mshale alikuwa na pua. Pua gani! Kanga akijificha nyasini ng'ambo ya kilima, Mshale ananusa, nfu nfu nfu, halafu anachutama. Tii! Habweki. Hatikisiki. Pua imeelekea kwa kanga, mkia umenyooka. Wenzake wakimwona hivyo wanajua kanga yuko pale. Wananyemelea, wananyemelea, halafu Mshale anainuka, pa! Wote wanaruka. Kanga keshakamatwa. Ukoo mzima ulikula nyama ukashiba.

Basi Mshale alipokufa, wazee wakakaa kikao. Wakasema, "Damu hii isitoke nje." Wajukuu wa Mshale wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Vitukuu wakaoana. Vilembwe wakaoana. Halikutoka nje hata tone.

Na kweli, pua ilibaki. Pua ilizidi! Lakini yalizuka mambo mawili.

La kwanza ni salamu. Mbwa wawili wa ukoo ule wakikutana njiani, mmoja anasema, "Shikamoo mjomba." Wa pili anashtuka. "Shikamoo ya nini? Wewe ndiye mjomba wangu. Shikamoo." "Hapana, wewe ni kaka wa mama yangu." "Na wewe ni kaka wa mama yangu." "Shikamoo." "Shikamoo." Hakuna aliyethubutu kusema marahaba. Wangesimama hapo mpaka jua la utosi, wanashikamooana, na sungura anapita katikati yao na mzigo wake kichwani.

La pili, na hili halichekeshi sana, ni nyonga. Mchutamaji akinusa kanga anachutama vizuri, tii! Kuinuka sasa. Anajivuta, kwichi! Nyonga imegoma. Anajivuta tena, kwichi! Basi anabaki hapohapo, pua mbele, mkia nyuma, na kanga anajiondokea polepole. Kanga wengine waliaga kabisa.

Katika ukoo huo palikuwa na mwari mmoja, jina lake Semeni. Semeni alikuwa anaweza kuinuka. Si kwa urahisi. Alihesabu moja, akahesabu mbili, akauma meno, akainuka. Alikuwa wa mwisho anayeweza, na ukoo wote ulimtegemea yeye kwa chakula. Mbwa mmoja atakamata kanga wangapi peke yake? Mara nyingi walikula panzi.

Semeni alikuwa na dada yake, Mwanakheri. Mwanakheri alizaa watoto watatu, wazuri, macho yao yana rangi ya asali. Pua wanazo. Lakini miguu ya nyuma haikuwabeba hata siku moja. Kila asubuhi Mwanakheri aliwashika kwa meno, mmoja mmoja, akawapeleka mtoni kunywa maji, akawarudisha mmoja mmoja. Meno yakaanza kumlegea. Semeni akiona hivyo moyo ulimuuma, uliuma kwelikweli, na siku moja alimwambia dada yake, "Mimi nataka mtoto atakayekimbia mpaka nimkemee."

Mwanakheri akamjibu, "Usiseme hivyo, Mwinyi Kombo asije akasikia."

Mwinyi Kombo ndiye nani? Ndiye mkuu wa ukoo, na ndiye aliyehifadhi majina ya mababu kichwani. Nyonga zake zilikuwa zimepinda mpaka akitembea kwenda mashariki anafika kusini. Siku hiyo alifika kusini, nako ndiko alikokuwa Semeni.

"Semeni," akasema, "umeposwa."

"Na nani, babu?"

"Na Makame. Mchutamaji bora kuliko wote tuliowahi kupata."

Alimjua Makame. Nani asiyemjua? Makame alichutama mwanzoni mwa masika, na sasa mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Alikuwa bado anamwonyesha kanga yule yule. Kanga mwenyewe aliitwa Bi Madoa, na alikuwa amezoea. Alijenga kiota chini ya kidevu cha Makame, kivuli kizuri. Akifua kanga zake, zile za kujitanda, alizianika juu ya mkia wa Makame, kwa sababu ulinyooka kuliko kamba.

Bwana harusi hakuweza kwenda kwenye posa. Basi posa ikaenda kwa bwana harusi. Ukoo mzima ukajikokota, kwichi, kwichi, kwichi, wakamzunguka. Palipikwa supu ya mifupa. Semeni akaketishwa mbele ya Makame.

"Makame," akamwita taratibu.

"Shhh," akasema Makame kwa kona ya mdomo. "Yuko hapa karibu."

"Niko hapa, baba," akasema Bi Madoa, anageuza mayai. "Sijaenda popote."

Sasa sikilizeni desturi yao. Kwenye posa, mzee anataja mababu saba wa bwana harusi. Kila babu akitajwa, bibi harusi anajibu, "Namjua." Akifika wa saba, ndoa imefungwa. Haina wali wala zeze.

Mwinyi Kombo akakohoa, akaanza. "Babu wa kwanza, Mshale!"

"Namjua," akasema Semeni.

"Babu wa pili, Mshale!"

"Namjua."

"Babu wa tatu, upande wa mama, Mshale!"

Semeni akatazama huku na huku. "Ni yule yule?"

"Ni yule yule. Ndiyo heshima yenyewe! Babu wa nne, Mshale! Babu wa tano, Mshale pia, lakini kwa kupitia kwa shangazi! Babu wa sita..."

Wageni wakapiga vigelegele. Kule pembeni Mwanakheri alikuwa amewalaza wanawe mchangani, na yule mdogo alikuwa anajaribu kusimama. Alijaribu, akaanguka. Akajaribu, akaanguka. Mchezo wake ulikuwa huo. Semeni alimtazama, na jina la sita likampita hakulisikia.

"Semeni! Jibu!"

"Babu," akasema Semeni, "alikufa na nini?"

Vigelegele vikakatika katikati, li-li-li... tu!

"Nani alikufa na nini?"

"Mshale namjua. Lakini baba yake Makame, alikufa na nini?"

Mwinyi Kombo akafikiri. Hajapata kuulizwa swali hilo maisha yake yote. "Nyonga," akasema.

"Na baba yake huyo?"

"Alichutama. Hakuinuka. Ni nyonga."

"Na bibi yake?"

"Nyonga. Lakini alikufa ameelekea kwa kanga kabisa! Tulimzika hivyo hivyo!"

Supu inatokota, bwata bwata. Mara ikasikika sauti ya mtu anayevunja mfupa, kach! Wote wakageuka. Kando ya sufuria alikuwepo mbwa ambaye hakuna aliyemwalika. Sikio moja limesimama, moja limelala. Rangi yake huwezi kuitaja kwa neno moja. Mbwa koko, mzamiaji wa sherehe za watu, jina lake Hamadi.

"Wewe!" akafoka Mwinyi Kombo. "Babu yako nani?"

"Simjui, mzee," akasema Hamadi, mdomo umejaa. "Samahani."

"Humjui babu yako! Mmesikia?"

Semeni akasema, "Ngoja. Alikufa na nini?"

"Uzee."

"Na bibi yako?"

"Uzee pia. Alichelewa sana kufa, tulianza kuona haya."

"Na mama wa bibi?"

"Huyo aligongwa na nyati."

"Ahaa!" akasema Mwinyi Kombo.

"Yeye ndiye aliyekuwa anamfukuza nyati," akasema Hamadi. "Na huyo bibi alikuwa mkongwe, hana jino hata moja."

Semeni akainuka. Moja, mbili, akauma meno. Akasema, "Hamadi, ruka juu ya Makame."

Hamadi akaruka, hop! Akarudi, hop! Akaruka mara ya tatu kwa kujionyesha, na sufuria mdomoni, hata supu haikumwagika. Bi Madoa akasema, "Angalia nguo zangu!"

"Hivyo ndivyo ninavyotaka," akasema Semeni.

"Hiyo siyo kazi!" Mwinyi Kombo akatetemeka masharubu. "Je, anaweza kuchutama? Ewe koko! Nusa! Onyesha kanga!"

Hamadi akanusa, nfu. Kanga yuko mbele yake, ana kitambaa kichwani, na bado alinusa upande mwingine. Alipomwona akabweka, wau wau wau! Akakimbia mbio. Kanga wote wa bonde, hata wale wa ng'ambo ya mto, wakaruka, burrr! Siku tatu hakuonekana kanga hata mmoja. Kasoro Bi Madoa, ambaye alikuwa na mayai.

Jamani, msicheke. Semeni hakucheka. Aliona wazi kwamba Hamadi hana pua, na watoto wakifuata pua ya baba, ukoo wote utakufa njaa, na lawama yote itakuwa yake. Lakini akamtazama tena yule mtoto mchangani. Alikuwa bado anajaribu.

"Pua ninayo mimi," akasema Semeni. "Miguu anayo yeye. Nitaolewa naye."

Mwinyi Kombo akasema, "Basi jina lako nitaliruka. Nikitaja ukoo, nikifika kwako, nitakohoa. Vizazi vyote vitajua kwamba hapo palikuwa na kikohozi."

"Kohoa, babu," akasema Semeni. Na hakurudi nyuma.

Wakaoana. Semeni akazaa watoto sita, na kila mmoja alikuwa na masikio ya aina yake. Wakaletwa kwa mkuu wa ukoo wapewe majina. Mwinyi Kombo akasema, "Hawa ni watoto wa khu khu khu." Hakusema zaidi. Basi mama yao akawapa majina mwenyewe, na mkubwa wao, binti, akamwita Tatu, ingawa alikuwa wa kwanza. Alisema moja na mbili tayari amechoka kuzihesabu.

Ikaja siku ya majaribio. Mwaka huo hata panzi walikuwa haba, na mbavu za Wachutamaji ungeweza kuzihesabu kwa mbali. Ukoo wote ukajikokota hadi ukingoni mwa nyasi. Semeni akasimama mbele, roho mkononi. Tatu akaingia nyasini.

Nfu.

Nfu nfu.

Nfu nfu nfu. Akachutama. Tii! Hakubweka. Hakutikisika. Pua mbele, mkia umenyooka.

"Mshale!" akanong'ona Mwinyi Kombo. "Ni Mshale mtupu!"

Lakini Semeni hakutazama pua. Alitazama nyonga. Alihesabu kimoyomoyo, moja, mbili. Tatu hakuinuka. Akahesabu tena, moja, mbili, tatu. Bado. Mwanakheri akafumba macho.

Nyasi zikatikisika, akatokea kanga, na ni nani kama si Bi Madoa. Nguo mbichi kwapani, anaimba. Akamwona Tatu amechutama. Akacheka, kekekeke. "Wamenijengea kamba nyingine! Wachutamaji, Mungu awabariki." Akakung'uta nguo ya kwanza, pwa! Akaianika juu ya mkia wa Tatu. Akakung'uta ya pili, pwa! Akaianika. Akageuka kuchukua ya tatu.

Pa!

Tatu aliinuka. Hakuhesabu, hakuuma meno. Aliinuka tu, kama mtu anavyoinuka, na nguo mbili mkiani zikapepea. Bi Madoa hakumaliza kusema "Lahaula." Na nduguze watano wakaruka nyuma yake, na kundi zima la kanga lililolala pale kwa kujiamini likakamatwa kabla halijajua kwamba mambo yamebadilika.

Siku hiyo bonde lilinukia nyama. Makame aliletewa paja pale pale alipo. Alitafuna taratibu, akasema, "Si niliwaambia yuko hapa?"

Tatu akaenda kwa Mwinyi Kombo, akainamisha kichwa. "Shikamoo babu."

Wote wakangoja. Mwinyi Kombo akafikiri huyu atakuwa nani wake. Mjomba wake? Hapana. Shangazi? Hapana. Babu yake? Hapana. Akageuza, akageuza, akakuta jambo la ajabu: yeye ni babu, basi.

"Marahaba," akasema Mwinyi Kombo. "Marahaba, mjukuu wangu, mwana wa Semeni." Na hakukohoa.

Tangu siku hiyo, Wachutamaji wakipeleka posa huulizwa maswali mawili. Babu yako nani? Na alikufa na nini? Asiyejibu la pili hapewi supu.

Na Semeni je? Jioni hiyo alikuwa ameketi na dada yake. Wale watoto sita walikuwa wanazunguka nyumba, mbio, mbio, wamemweka yule mdogo wa Mwanakheri katikati, wanamvuta juu ya nguo ya Bi Madoa, naye anapiga kelele kwa furaha. Wakapindua sufuria, gwaranga!

"Nyie!" akapiga kelele Semeni. "Acheni kukimbia!"

Kisha akasikia alichokisema mwenyewe, akaanza kulia.

Mafunzo yake, wakubwa na wadogo: jina zuri la ukoo bila afya ni mzigo anaobebeshwa mtoto. Ukitafuta mwenzi, uliza jina, halafu uliza na afya, na usione haya.

Hadithi yangu imeishia hapo, imechutama. Nyinyi mnaoweza kuinuka, inukeni. Kunde ziko motoni.